Shati Juu ya Kasia

Wewe ukimwopoa mtu aliyekufa maji, ukakuta shati lake limefungwa kwenye kasia kwa mafundo mawili, mkono huu fundo na mkono huu fundo, utaandika kwamba alizama ghafla?

Wao waliandika hivyo. Sajenti Teodora Mayala wa upelelezi aliisoma sentensi hiyo mara tatu, amesimama kwenye stoo ya vielelezo pale kituoni Mwanza, mlango wazi ili apate mwanga. Ripoti ya kamati ya mashindano ilikuwa kurasa mbili, zimepigwa taipu vizuri, hakuna herufi iliyofutwa. Kasia lenyewe lilikuwa limeegemezwa ukutani mbele yake. Shati bado lilikuwa juu yake, la njano, la mitumba, lina maandishi ya timu ya mpira ya Ulaya ambayo hakuna mtu Luchelele aliyewahi kuisikia.

Mashindano yalifanyika Jumamosi huko Luchelele, ya kuchangia wodi ya watoto ya zahanati. Mitumbwi kumi na miwili ya matanga, na haikutakiwa kuanza pamoja. Katibu wa kamati, Mzee Masele Luhende, aliyekuwa karani wa pamba mpaka walipopunguzwa kazini, alikuwa anapenda sana habari za meli za Mjerumani na Mwingereza zilizofukuzana ziwani humu wakati wa vita ya kwanza. Kwa hiyo akapanga mitumbwi itoke jinsi manowari zinavyotoka bandarini: mzito kwanza, halafu kila baada ya dakika kumi unafuata mwingine, mwepesi mwisho, uzunguke kisiwa, yote ikutane karibu na nyumbani. Mzito kuliko yote ulikuwa wa Odoyo, mvuvi wa miaka hamsini na nane, mtu wa Shirati aliyehamia Luchelele zamani. Mwepesi kuliko yote ulikuwa wa mdogo wake, Opiyo.

Odoyo ndiye aliyekufa. Opiyo alikuwa mahabusu. Leo ilikuwa Jumanne, na saa nane mchana faili lake lilitakiwa lifike kwa mwendesha mashtaka, kosa la kuua kwa kukusudia.

"Nkwabi, lete kamba hapa kwenye mwanga," Teodora alisema.

Konstebo Nkwabi, mtunza stoo, aliileta kwa vidole viwili kana kwamba ina ugonjwa. "Imekatwa, afande. Hata mtoto anaona."

"Imekatwaje?"

"Kwa kisu."

"Nimekuuliza imekatwaje, sikukuuliza kwa kitu gani."

Ilikuwa kamba ya kuvutia tanga, nyuzi tatu nene zilizosokotwa pamoja. Mzee Masele alikuwa ameandikisha maelezo kwamba saa mbili na nusu asubuhi alimwona Opiyo ameinama ndani ya mtumbwi wa kaka yake, mkononi ana kisu, ameishika kamba hii. Halafu kulikuwa na ugomvi. Wiki moja kabla, Odoyo alimsimamisha mdogo wake mbele ya watu wote wa mwalo, mahali mitumbwi inapopakulia samaki, akamwita mwizi wa watoto wa samaki, kwa sababu alikuwa anavua kwa kokoro, nyavu ile ya kukokota inayozoa mpaka vifaranga. Kisu, kamba na ugomvi. Mkuu wake wa kazi alisema kesi imeiva.

Teodora alitafuta kipande cha kamba ya namna hiyo hiyo kwenye kona ya stoo. Akakifunga kwenye komeo la mlango, akachukua wembe, akakata nusu, nusu akaiacha.

"Vuta."

Nkwabi alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kamba ikakatika, naye akakaa chini kwa nguvu juu ya gunia la bangi la kesi nyingine.

"Usicheke, afande."

"Sijacheka. Lete uone." Teodora akaweka ncha mbili kwenye kiganja. Ile ya Nkwabi ilikuwa laini nusu, na nusu imenyofoka, ina manyoya kama mkia wa ng'ombe. Ile ya Odoyo ilikuwa laini nyuzi zote tatu. "Mtu akitaka kukuua kwa kamba ya tanga, anaikata kidogo ukiwa ufukweni, ili ije ikatike yenyewe ukiwa mbali. Itanyofoka kama hii yako. Hii nyingine imekatwa yote, kwa pigo moja. Na mtumbwi wenye kamba iliyokatika yote haung'oki ufukweni, kwa sababu tanga halivutiki. Huu uling'oka. Ilikatwa wapi?"

"Majini."

"Na majini kulikuwa na nani?"

Nkwabi alijikuna sikio. "Marehemu peke yake."

Teodora alirudi kwenye boksi la vitu vya marehemu. Kaptura. Uzi wa nyavu uliokutwa shingoni, mtupu, hauna kitu. Karatasi ya daktari: mbavu mbili zimevunjika upande wa kushoto, maji mapafuni. Akaandika yote kwenye kitabu chake, hata rangi ya uzi, halafu akaenda mahabusu.

Opiyo aliletwa hana mkanda wala viatu. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na kitu, na sasa amejikunja kama aliyezoea dari fupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kisu ulishika?"

"Nilishika. Alinipa mwenyewe nimkatie mkia wa kamba uliozidi, ulikuwa unamsumbua miguuni. Nikakata, nikamrudishia."

"Kisu cha nani?"

"Chake. Anakivaa shingoni, kina uzi."

"Uzi wa rangi gani?"

"Kijani. Wa nyavu."

Uzi wa kwenye boksi ulikuwa kijani. Teodora hakumwambia. "Haya maneno mbona hayamo kwenye maelezo yako?"

"Niliyasema. Aliyekuwa anaandika alitaka kokoro tu. Kokoro, kokoro. Nikachoka."

"Wewe ndiye uliyemkuta. Saa ngapi?"

"Jua limeshapita utosini, wenzangu nimeshawapita wote. Mtumbwi umelala tumbo juu, kasia amelichomeka katikati ya mbao, shati huko juu. Yeye yuko pembeni, mkono umenasa kwenye kamba. Alikuwa bado..." Akatazama sakafu. "Alikuwa bado laini, mama. Hakuwa amekauka."

"Kutoka Luchelele mpaka pale ulipomkuta, mtumbwi wako unachukua muda gani?"

"Upepo ukiwepo, nusu saa haifiki."

"Karatasi ya kamati inasema ulitoka saa tano kasoro dakika kumi."

"Mimi sina saa. Tulitoka tulipoambiwa tutoke."

Teodora alifunga kitabu. Saa tano kasoro, ongeza nusu saa, ni saa tano na robo hivi. Jua kupita utosini ni saa saba. Kulikuwa na saa mbili ambazo hakuna mtu aliyezieleza.

*

Luchelele walifika saa nne, Nkwabi akiendesha lile Landrova la kituo ambalo gia ya pili lazima uishikilie kwa mkono. Teodora alianza msibani. Wanawake walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka. Mjane, Mama Akeyo, alimpokea ndani, kwenye chumba chenye matanga mawili yaliyokunjwa na harufu ya moshi wa dagaa.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Hakusema kwa uchungu wala kwa heshima, alisema tu. "Umekuja kuuliza kama Opiyo alimchukia kaka yake. Alimchukia. Andika."

"Nimekuja kuuliza habari ya kisu."

Mama Akeyo alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Mume wako aliwahi kukata kamba ya tanga akiwa majini?"

"Mara mbili ninazozijua. Upepo ukikugeukia nyuma ya kisiwa, tanga linajaa upande mbaya, kamba inakaza huwezi kufungua kwa vidole. Unakata. Tanga likianguka, mtumbwi unatulia. Wote wanafanya hivyo, ndiyo maana wanavaa kisu. Ukichelewa kukata, mlingoti unang'oka unakupiga."

"Upande gani?"

"Kama unaushika usukani kwa mkono wa kulia, unakupiga huku." Akagusa mbavu zake za kushoto.

Teodora aliandika. Mama Akeyo alisubiri kalamu isimame.

"Mwaka mmoja kule Shirati alishikilia mtumbwi uliopinduka toka asubuhi mpaka jioni," alisema. "Alikuwa na nguvu za kushikilia. Safari hii alikaa muda gani?"

"Bado sijajua, mama."

"Ukijua usiniletee kwa karatasi. Njoo useme."

Pale mwalo palikuwa kimya kwa saa ile. Mawe makubwa ya upande wa kusini yalikuwa yameanikwa nyavu. Winnie, anayekaanga samaki karibu na pale ilipokuwa meza ya kamati, alikuwa amekaa mbele ya karai lake, mafuta yanachemka bure.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Biashara vipi?"

"Tangu Jumamosi hakuna. Wanasema hawali samaki wa maji yaliyomla mtu. Wewe utakula?"

"Nipe sato huyo mdogo." Teodora alikaa kwenye kigoda. Alikuwa na tabia ya kuuliza watu habari za kazi zao kwanza, kwa kuwa kazi yake mtu haisahau. "Jumamosi ulikaanga makarai mangapi?"

"Matano. Manne kabla ya mgeni, moja baada ya mgeni."

"Karai moja linachukua muda gani?"

"Mpaka liive na watu wanunue, nusu saa na zaidi."

Teodora aliacha kutafuna. "Winnie. Ripoti inasema mgeni rasmi alikuwa hapa saa tatu, akapeperusha bendera."

Winnie alicheka akageuza samaki. "Afande, wewe ni mwenyeji wa wapi? Saa tatu mgeni rasmi yuko Busisi, amekwama kwenye foleni ya malori anasubiri kivuko. Anatoka Geita. Yule mwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara, unamfahamu, tumbo linatangulia. Saa tatu Mzee Masele alimtoa Odoyo peke yake, mzito kwanza, kama vita vyake vinavyotaka. Dakika kumi hazijaisha ikaja habari kwamba mgeni amekwama. Mzee akasema wengine wote wasubiri."

"Boti ya injini? Ile ya kuwafuata?"

"Ilikwenda kumchukua mgeni. Na zulia likawekwa ndani. Watu walicheka, eti zulia kwenye boti."

"Ikarudi saa ngapi?"

"Makarai manne, nimekwambia."

"Odoyo yuko majini peke yake."

Winnie alishusha upawa. Lilikuwa linamwingia sasa, pole pole, kama vile hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

"Hilo mbona hamkuwaambia polisi?" Teodora aliuliza.

"Walituuliza nani alishika kisu na nani aligombana na nani. Mgeni rasmi kuchelewa nayo ni habari? Mgeni huwa anachelewa. Ungeniuliza kama jua lilichomoza?"

"Mzee Masele alikuwa anafanya nini muda wote huo?"

"Yuko mezani, na darubini yake. Mara anatazama, mara anaiweka. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa juani wanaimba wimbo wa kumpokea mgeni mpaka sauti zimekauka. Mwalimu Kija akaomba wakae kivulini. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameishusha darubini. Akairudisha kwenye mkoba wake wa ngozi, akafunga kifungo, akasema, waimbe tena."

"Hiyo ilikuwa karai la ngapi?"

Winnie alifikiri. "La pili linaisha."

"Alikuwa ameielekeza wapi?"

Winnie alinyoosha mkono kaskazini, kuelekea kisiwa. Halafu akautazama mkono wake mwenyewe, akaushusha. Teodora alimalizia sato, akanawa, akamshukuru.

*

Nyumba ya Mzee Masele ilikuwa ya matofali, imepigwa chokaa nje na ndani, safi. Ukutani alibandika picha za meli zilizokatwa kwenye vitabu, zenye maandishi madogo ya mkono wake mwenyewe: ya nani, ina mizinga mingapi, ilipita wapi. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye kola iliyogeuzwa na fundi. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Keti. Na huyo askari naye aketi."

Nkwabi alibaki mlangoni. Teodora alitoa ripoti ya kurasa mbili. "Nimeisoma. Nataka nielewe tu vizuri, mimi vita nilifundishwa kidogo. Kwa nini mzito anaanza?"

Uso wa mzee ulifunguka. Alieleza kwa dakika nzima, kwa mikono, jinsi kamanda anavyohesabu mwendo wa kila meli ili zote zimfikie adui kwa wakati mmoja, na jinsi alivyowapima wavuvi wote wiki mbili kabla, akisimama juu ya jiwe na saa ya mkono. Hakuna klabu yoyote Mwanza iliyowahi kufanya hivyo, alisema.

"Na meli ya kwanza inaachwa peke yake?"

"Hapana. Boti ya injini inakuwa nyuma yake."

"Ilikuwa nyuma yake?"

"Kanuni ndivyo inavyosema."

"Nimeisoma kanuni, mzee. Nauliza boti."

Mzee Masele aliisogeza ripoti mpaka ikawa sawasawa na ukingo wa meza. "Nani amekwambia nini?"

"Winnie."

"Winnie anakaanga samaki."

"Ndiyo, na anajua amekaanga makarai mangapi kabla mgeni hajafika. Baada ya Odoyo hakuna mtumbwi uliotoka mpaka karibu saa sita. Hapa umeandika wa pili ulitoka saa tatu na dakika kumi. Umeandika na jina la aliyepeperusha bendera, ambaye saa hiyo alikuwa Busisi."

"Ratiba ilikuwa hiyo. Niliandika ratiba."

"Umeandika pia kwamba alizama ghafla. Alikata kamba yake mwenyewe, lakini alichelewa, mlingoti ukamvunja mbavu, mtumbwi ukapinduka. Halafu mtu mwenye mbavu mbili zilizovunjika akavua shati, akalifunga kwenye kasia mafundo mawili, akapanda akalichomeka kwenye mbao. Mtu aliyezama ghafla hafanyi hivyo. Alikuwa anamwita mtu."

Nje kuku alikuwa anakwaruza chini ya dirisha.

"Darubini yako iko wapi, mzee?"

Ilikuwa kwenye kiti, ndani ya mkoba wa ngozi. Teodora hakuigusa. "Jumamosi ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa namwangalia mgeni."

"Mgeni alitoka kusini. Nimekaa pale ilipokuwa meza yako. Kusini kuna mawe, huoni hata maji. Wewe ulitazama kaskazini."

"Niliona kitu cha njano," Mzee Masele alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kueleza manowari. "Nikafikiri ni bendera. Kila mtumbwi tuliupa bendera."

"Nyekundu. Nimeziona stoo."

"Mbali mtu anakosea rangi."

"Lakini hukukosea. Umetaja njano kabla sijataja rangi ya shati."

Nkwabi mlangoni aliacha kuchezea funguo. Teodora aliendelea bila kupandisha sauti. Ilikuwa bado haijafika saa tano, alisema, upepo wa kutoka nchi kavu ulikuwa haujafa. Mitumbwi kumi na moja iko ufukweni na matanga yamepandishwa. Opiyo, mwenye mwendo kuliko wote, amekaa hatua ishirini kutoka mezani. Nusu saa haifiki. "Ungemwita tu jina."

"Dereva wa mgeni alileta habari kwamba bosi wake ameshaingia kwenye boti. Dakika kumi, alisema. Kila nikitazama saa ni dakika kumi."

"Na kwenye maelezo yako Opiyo ukampa kisu."

"Kisu nilikiona kweli."

"Ulikiona. Ulimwona pia akikirudisha?"

Mzee alitazama picha za ukutani, moja baada ya nyingine. Mwisho akasema ndiyo, alimwona.

Teodora alichukua fomu mpya ya maelezo akaandika yote kwa mkono, taratibu, kila saa mahali pake: saa tatu Odoyo anatoka, boti inakwenda Busisi, saa nne na dakika zake darubini na kitu cha njano, kisu kinarudishwa kwa mwenyewe. Akamsomea. Mzee alisahihisha sehemu mbili. Moja ilikuwa jina la mwalo, nyingine ilikuwa alama ya mkato. Halafu akatia sahihi nzuri ya kikarani, yenye mkia.

"Nkwabi. Peleka kwa mkuu mkononi mwake, usimwachie mtu. Mwambie Opiyo afunguliwe kabla ya saa nane. Mimi nikirudi nitapitia kwa Mama Akeyo, kuna kitu niliahidi kumwambia."

Landrova lilipiga kelele ya gia ya pili likaondoka. Teodora alibaki amekaa. Fomu ile haina mahali pa kuandika kwa nini. Ina nani, wapi, lini na namna gani, na mistari yote ilikuwa imejaa.

"Mgeni aliahidi kukupa kazi kiwandani?" aliuliza.

"Hapana."

"Mchango angeuzuia?"

"Alikuwa ameshautoa wiki iliyopita. Wodi inaezekwa."

"Uliogopa angekasirika."

"Ni mtu mpole. Aliomba radhi kwa kuchelewa." Mzee Masele alifunga kalamu yake akairudisha kwenye mfuko wa shati. "Ningewatuma wakamchukue Odoyo, wangetawanyika wote kumi na mmoja, matanga huku na huku. Angeshuka pale akute mchanga na watoto."

"Kwa hiyo ulitaka nini, mzee?"

Mzee hakuonekana kama anayetafuta uongo. Alionekana kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

"Nilitaka akute nimeipanga," alisema. "Mara moja tu, mtu mkubwa ashuke aone nilivyoipanga."